Jina Lako Halimo, Mama

Twalibu bin Isihaka alirudi Janga mwezi wa nne mwaka 1981, baada ya miaka kumi na miwili ya kupotelea mjini, akiwa na redio moja, kiti kimoja cha kukunja na meno mawili ya bandia. Alikuta nyumba imeezekwa upya, mikorosho imekua na kisima kimezibuliwa. Alivitazama vyote kama mtu anayekagua mali yake, akakunjua kiti barazani, akaketi.

"Nimerudi, mke wangu. Niwekee maji ya kuoga."

Sikudhani binti Abeid alikuwa akipepeta mchele. Hakusimama.

"Mke wako yupi?"

"Kwani ninao wangapi hapa Janga?"

"Hata mmoja huna. Mahakama ilikwisha tuachanisha."

"Mahakama," alisema Twalibu, akizungusha kitufe cha redio kutafuta stesheni. "Karatasi iko wapi?"

Karatasi ililiwa na mchwa zamani. Twalibu alilijua hilo, maana alikuwa amekwisha uliza kijijini kabla hajafika kwake. Ndivyo alivyokuwa: jembe hakuliweza, lakini kuulizauliza aliweza.

Shauri lilipelekwa kwa mwenyekiti wa kijiji, Mzee Kondo bin Hemedi. Huyu alikuwa na kofia safi, sauti ya mikutano na tabia ya kukohoa kabla ya kusema jambo la aibu. Alikohoa. Alisema halmashauri ya kijiji haifanyi kazi kwa maneno ya mdomoni. Sikudhani alete karatasi ndani ya majuma matatu. Asipoleta, halmashauri itahesabu kwamba huyu ni mkewe Twalibu, na nyumba ni ya mume.

Mzee Kondo mwenyewe alikuwa shahidi katika kesi ile. Alikumbuka vizuri sana. Lakini Twalibu alikuwa na redio, betri mpya zilikuwa hazionekani madukani, na mwenyekiti alipenda kusikiliza taarifa ya habari akiwa amekaa. Tangu Twalibu arudi alikuwa akiisikiliza kila jioni, barazani kwa Sikudhani, bila kumwomba Sikudhani ruhusa.

Sikudhani alikwenda kwanza Kibaha. Huko aliambiwa mashauri ya miaka ile yamebaki Kisarawe, kwa kuwa zamani wilaya ilikuwa moja. Akapanda basi mpaka mjini, akapanda jingine mpaka Kisarawe, akafikia kwa binamu yake Mboni. Asubuhi alikuwa mlangoni pa ofisi ya kumbukumbu za mahakama. Ofisi yenyewe haina haja ya kutajwa zaidi ya hapo. Wapo watu wengi waliozeekea kwenye benchi lake, na wao wataitambua.

Nchi ilipopata uhuru tuliambiwa ofisi za serikali sasa ni zetu sote. Bahati mbaya hakuna aliyekwenda kuwaambia makarani.

Karani aliyetunza kumbukumbu aliitwa Laurean. Alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye kalamu tatu mfukoni, na Sikudhani hakuona hata moja ikitoka. Nyuma yake kulikuwa na rafu za majalada, urefu mzima wa ukuta. Mbele yake kulikuwa na meza, na meza hiyo ndiyo iliyokuwa cheo chake.

"Hujambo, mwanangu," alisema Sikudhani, akingoja shikamoo.

"Shida yako, mama."

"Naona kwenu salamu zimekwisha. Basi. Nataka nakala ya hukumu ya talaka yangu. Mwaka elfu moja mia tisa sitini na tisa. Sikudhani binti Abeid na Twalibu bin Isihaka."

"Namba ya shauri?"

"Ningekuwa nayo ningehangaika na wewe?"

"Bila namba hakuna jalada, mama. Bila jalada hakuna nakala."

"Namba si imeandikwa kwenye daftari lenu?"

"Ndiyo."

"Basi fungua."

Laurean alimtazama kwa huruma ile ambayo watu wa ofisini huwawekea watu wa shamba. Alieleza kwamba daftari halifunguliwi hivihivi. Hakimu hayupo, yuko semina.

"Semina ya nini?"

"Ya kuwahudumia wananchi. Njoo Jumatatu."

Jumatatu karani alidai barua ya balozi wa nyumba kumi. Sikudhani akarudi Janga, akapata barua, akaja nayo Kisarawe siku ya Alhamisi. Laurean aliishika kwa ncha za vidole, akaielekeza dirishani, akasema muhuri umefifia. Kisha aliinama kidogo na kushusha sauti.

"Unajua, mama, faili la siku nyingi limelala. Nalo linataka kuamshwa."

"Liamshe. Mimi nimeamka tangu saa kumi alfajiri."

"Huelewi."

"Naelewa. Nakuangalia tu kama na wewe utaona haya."

Hakuona haya. Alitoka kwenda kunywa chai, akamwacha mwananchi na benchi.

Hapo ndipo Sikudhani alipoanza kusoma ukuta, maana alikuwa mtu wa kusoma kila kitu. Tabia hiyo aliipata akiwa na miaka arobaini na ushei. Darasa la kisomo lilipofunguliwa Janga, kwenye ghala la korosho, wanawake walikuwa tisa na kitabu kilikuwa kimoja. Wenzake waliwahi na kujipanga upande wa mwalimu. Yeye alichelewa kila siku kwa sababu ya kufunga mbuzi, akawa anakaa ng'ambo ya pili ya mkeka, na herufi zote zikamjia miguu juu. Alijifunza hivyo hivyo. Siku ya mtihani kila mtu alipewa karatasi yake, naye akaigeuza juu chini. Msimamizi, mtu wa suruali iliyopigwa pasi, akacheka na kuja kumwekea sawa. Alipopita, Sikudhani akaigeuza tena. Alifaulu. Kuanzia siku hiyo hakikumpita kitu chenye maandishi: magunia, vibao vya mabasi, vifuniko vya mikebe, barua za watu. Kwa upande wowote.

Ukutani kulikuwa na kalenda ya mwaka juzi. Chini yake ulichungulia mstari wa tangazo lililofunikwa. Aliusogelea akausoma: "daftari la mashauri liko wazi kwa mwananchi yeyote, saa zote za kazi."

Laurean aliporudi alimkuta amesimama palepale.

"Hili tangazo limefutwa?"

"Lipi?"

"Hili lililovaa kalenda."

"La zamani hilo, mama."

"Limefutwa?"

"Halijafutwa. Limefunikwa tu."

Wazee wawili waliokuwa kwenye benchi walicheka, na mmoja akasema, "Lifunue basi, karani, tusome wote." Laurean alisema ofisi inafungwa. Ilikuwa saa saba mchana.

Nje ya uzio alikaa mwanamke mchanga akiuza karanga za kukaanga. Alimwamkia Sikudhani vizuri, shikamoo mama, na Sikudhani, aliyekuwa hajala, akanunua pakiti moja na kwenda kukaa kivulini. Alipomaliza karanga akasoma karatasi. Ilikuwa imepigwa chapa. Juu iliandikwa jina la mahakama, chini yake namba ya shauri na mwaka 1968, kisha maneno ya mtu aliyelalamika kwamba jirani amehamisha mpaka wa shamba. Hukumu haikuwemo. Bila shaka ililiwa na mteja mwingine.

Akarudi kwa yule mwanamke.

"Mwanangu, jina lako nani?"

"Efrazia, mama."

"Karatasi za kufungia unazipata wapi siku hizi? Sisi kwetu hata daftari la shule hatulioni."

"Mume wangu ananiletea kutoka kazini," alisema Efrazia, bila hila yoyote. "Yupo hapo ndani, mwenye kalamu tatu. Za zamani tu hizo, hazina kazi. Zinakwenda kwa mwaka. Za sitini na nane ndiyo zinaishia."

Sikudhani alikunja ile karatasi mara nne, akaifunga kwenye pindo la khanga. Safari yote alikuwa akiogopa kuchoshwa. Sasa aliogopa kitu kingine: kwamba kuachwa kwake, nyumba yake na miaka yake kumi na miwili ya kulala bila mtu wa kumwamrisha, vinangoja zamu ya kufungiwa karanga. Zilikuwa zimebaki siku nne kabla ya kikao cha halmashauri.

Ijumaa alfajiri alikuwa wa kwanza mlangoni, na wale wazee wawili nyuma yake.

"Nimekuja kukagua daftari la sitini na tisa," alisema. "Kwa tangazo la chini ya kalenda."

Laurean aliwatazama wazee, akalitazama tangazo, akavuta daftari kubwa lenye jalada la bluu na kulibwaga mezani. Alilielekeza upande wake. Akalifungua na kuanza kupitisha kidole harakaharaka, kama mtu anayefuta vumbi. Ukurasa, ukurasa, ukurasa. Sikudhani alisimama ng'ambo ya meza, mikono nyuma.

"Januari hakuna. Februari hakuna." Akafunua mbili kwa pamoja. "Machi hakuna. Jina lako halimo, mama. Nilikwambia."

"Rudisha ukurasa mmoja."

"Eeh?"

"Rudisha. Mstari wa saba kutoka juu. Juu kwako, chini kwangu. Shauri la madai namba thelathini na nne. Mdai, Sikudhani binti Abeid. Mdaiwa, Twalibu bin Isihaka. Hapo kidole chako kilipita juu ya jina la baba yangu bila kubisha hodi."

 Mmoja wa wazee akasema taratibu, "Loo. Huyu anasoma kama popo." Laurean, badala ya kutazama mstari, alifanya jambo ambalo lingetosha kumfukuzisha kazi mtu yeyote katika nchi yenye haya: alilinyanyua daftari na kulikumbatia kifuani, kama mcheza karata anayeficha mkono.

"Weka chini, mwanangu," alisema Sikudhani. "Umekwisha onyesha."

Akaliweka. Lakini karani wa namna hii hashindwi mara moja, maana uvivu wake ndio elimu pekee aliyoipata sawasawa. Alikwenda kwenye rafu, akasimama mbele yake muda wa kupendeza, akarudi.

"Namba ipo. Jalada lenyewe limepotea. Ndiyo hali ya majalada, mama. Panya."

Sikudhani alifungua pindo la khanga, akaikunjua ile karatasi na kuitandaza mezani. Ilikuwa bado na chumvi.

"Panya wa kwenu wanakaanga?"

Laurean alipangusa chumvi mezani kwa kiganja.

"Mko sitini na nane. Sitini na tisa ndiyo inafuata. Hakimu akirudi kutoka semina yake nitamnunulia karanga, nimwambie asome kabla hajala. Au unipe jalada namba thelathini na nne."

Jalada halikuwa kwenye rafu. Lilikuwa ndani ya boksi, chini ya meza, karibu na miguu yake, pamoja na wenzake wa mwaka huo, tayari kwa safari ya kwenda nyumbani. Alilitoa bila kuinua macho. Sikudhani alilipekua hapohapo mpaka akaiona hukumu, kurasa tatu, zote zipo. Alilipa ada, akadai risiti, akakaa pembeni ya mpiga chapa mpaka nakala ikapigwa na kugongwa muhuri usiofifia. Mwisho Laurean alifungua kikasha cha wino, akakisukuma mbele yake ili atie dole gumba kwenye kitabu cha kupokelea, maana kwenye jalada la zamani alikuwa ametia dole gumba. Sikudhani alichomoa kalamu moja mfukoni mwa karani, akaandika jina lake lote, polepole, akairudisha kwenye mfuko uleule.

"Hiyo moja imefanya kazi leo," alisema.

Boksi alilisogeza kwa mguu mpaka katikati ya chumba, wazee waone. Mmoja wao alikuwa akitafuta shauri la mwaka 1970.

Jumatatu halmashauri ya kijiji ilikaa barazani kwa mwenyekiti. Twalibu alikuja na kiti chake. Mzee Kondo alikohoa, akauliza kama karatasi imepatikana, akanyoosha mkono ili ampe katibu asome.

"Nitasoma mwenyewe," alisema Sikudhani.

Alisoma kila kitu. Alisoma jina la mahakama, namba, tarehe, majina ya wadaawa na ya baba zao. Twalibu alikunja uso na kusema inatosha, inatosha, ameachwa, amekubali, lakini nyumba ni jambo jingine. Mwenyekiti akasema kweli, nyumba ni jambo jingine.

"Nyumba iko ukurasa wa pili," alisema Sikudhani, akafunua. "'Shahidi wa pili, Kondo bin Hemedi, mkulima wa Janga, aliapa na kueleza kwamba nyumba ilijengwa na mdai kwa mikono yake, na kwamba mdaiwa hakuchota hata ndoo moja ya udongo. Alipoulizwa na mahakama mdaiwa alikuwa wapi wakati huo, shahidi alijibu: amelala.'"

Watu hawakucheka kwa sauti. Walikuwa wakimtazama mwenyekiti. Mzee Kondo alikohoa mara mbili. Safari hii hakufuatisha neno.

"Niendelee, Mwenyekiti, au umekumbuka?"

"Nimekumbuka," alisema Mzee Kondo.

Twalibu alikunja kiti. Alipofika njiani Sikudhani alimwita, naye akageuka haraka, labda akidhani ameonewa huruma.

"Redio umeiacha kwangu barazani," alisema Sikudhani. "Ipitie leo. Na mwenyekiti mchukue, mkasikilize taarifa ya habari huko mtakakokuwa."