Nilifuta video ya marehemu, nikasingizia maji ya jaruba

Wakuu, heshima kwenu.

Naandika kitu ambacho hata mke wangu nilichelewa kumwambia. Sijaongeza wala kupunguza, na mtakaonisema nitawaelewa.

Mimi ni fundi simu, Dodoma. Miaka ile smartphone zinaanza kushuka bei nilikuwa na kibanda Area D, na jina nilikuwa nalo. Simu ikiingia asubuhi, mchana inaita.

Siku moja akaja mzee kutoka Bahi, mkulima wa mpunga, ameongozana na mke wa mwanaye. Tumwite Mama Daudi.

Simu ya mzee ilimponyoka huyu mama ikatumbukia kwenye maji ya jaruba la mpunga, akiwa anampelekea shambani.

Mzee aliitikia shikamoo yangu, akasema, "Kijana, simu yenyewe ikifa na ife. Humu yumo mke wangu anawasalimia wajukuu. Tulimrekodi akiwa anaumwa. Nitolee hiyo tu."

Mke alishafariki. Sauti yake haikuwepo mahali pengine popote.

Wakaenda sokoni, nikabaki na kazi. Nikafungua, nikasafisha board kwa spirit, nikaikausha. Ikawaka! Ila ikaganda kwenye logo.

Hapa ndipo nilipoharibu.

Simu ikigoma hivyo, kuna njia za kujaribu kuvuta data kwanza kabla hujagusa system. Zinakula muda, na hazina guarantee. Mimi nilikuwa na wateja wanne wamesimama mbele yangu. Mkono ukafuata mazoea, nika-flash, yaani nikaweka system upya, na hiyo hufuta kila kilichomo.

Simu ikawaka safi kabisa, inaniuliza nichague lugha. Kama imetoka dukani leo.

Video ya marehemu haikuwemo tena.

Waliporudi nikasema, "Mzee, simu imepona, ila vitu vya ndani vilishaliwa na maji."

Alimgeukia mkwe wake akamtazama, basi.

Mama Daudi akapiga magoti palepale kwenye vumbi. "Baba, nisamehe."

Na mimi nikanyamaza, wakuu. Nikashika bisibisi kama mtu mwenye shughuli.

Miezi ikapita. Mama Daudi akaja tena, safari hii na kisimu chake kilichokufa spika. Nikamuuliza habari za Bahi.

"Sikai tena kule, niko kwetu Haneti. Baba mkwe alikuwa hali chakula nilichopika mimi. Mume wangu akaona nipumzike kwanza nyumbani."

Nikamwambia ukweli wote. Nilitegemea matusi, hakunitukana. Aliniuliza tu, "Sasa ukiniambia mimi inasaidia nini? Kamwambie yeye."

Kesho yake nikafunga kibanda, nikaenda Bahi.

Nilimkuta mzee anaanika mpunga. Nikamweleza nikiwa nimesimama vilevile. Aliendelea kuusambaza kwa mguu huku akisema:

"Video ningekusamehe siku ileile, mtu anakosea. Lakini ulisimama ukanitazama namuonea mtoto wa watu."

Akataka nimpigie huyo mama; namba yake nilikuwa nayo tangu nilipomtengenezea kisimu. Nikapiga, nikaweka loudspeaker, nikampa simu.

"Mama Daudi, mimi baba yako. Nimekukosea. Rudi nyumbani."

Upande wa pili nikasikia kilio.

Alirudi wiki iliyofuata. Video haikurudi. Wajukuu wale wadogo hawatajua bibi yao alikuwa anaongeaje, na aliyewanyima ni mimi, si maji.

Nilichojifunza: mteja akikwambia anataka data, weka chini kazi nyingine. Kama huwezi, mwambie aende kwa mwingine. Na ukiharibu, sema hapohapo, kwa sababu ukinyamaza kuna mtu atabeba lawama yako. Nanyi wenye simu, sauti za wazazi wenu ziwekeeni backup leo.

Mafundi wenzangu, yupo aliyewahi kuficha kosa kama hili? Ulilimalizaje? Karibuni, hata kama ni kunisema.