Tandiko la Namba Kumi na Moja

Rachele Amatruda alinyosha mashuka ya hoteli kwa miaka thelathini na mmoja, na kwa muda wote huo hakuwahi kupanda juu ya ghorofa ya chini, palipo chumba cha pasi. Si kwamba alikatazwa. Hakutaka tu. Hoteli ilikuwa imemeza nusu ya kijiji chetu, huku juu kilimani, nyumba baada ya nyumba, ikabomoa kuta za ndani na kuacha mawe ya nje yalivyokuwa, maana mawe ndiyo wageni wanayoyafuata. Nyumba moja kati ya hizo ilikuwa ya mama yake. Siku hizi inaitwa chumba namba kumi na moja.

Alipostaafu, meneja alimwita ofisini. Bwana Dal Pozzo ni mtu wa kaskazini, mpole, nywele kazilaza kwa maji, na kila mfanyakazi anayestaafu humpa zawadi ileile: kulala usiku mmoja hotelini kama mgeni, na chakula juu yao. Wengi huchagua vyumba vikubwa vya upande wa bahari, wakapigwa picha barazani wamevaa yale majoho meupe ya kuogea.

"Namba kumi na moja," Rachele akasema. "Usiku wa kuamkia Jumapili ya pili ya Septemba."

"Hicho kinatazama kichochoro, mama. Wageni hukilalamikia. Nikupe namba nne, bahari mpaka macho yachoke."

"Bahari nimeiona, meneja. Nataka kichochoro."

Angekuwa mtu wa huku angeshtuka palepale. Jumapili hiyo ni sikukuu ya Mtakatifu Veneranda. Sanamu yake hutoka kanisani mabegani mwa wanaume kumi na wawili, ikapitishwa vichochoroni, na kila nyumba hutundika dirishani tandiko lake la kitanda lililo zuri kuliko yote, aghalabu lile la harusi. Penye tandiko mtakatifu husimama, akageuzwa kuitazama nyumba, akainamishwa. Pasipo na tandiko hupita moja kwa moja, kama anayepita zizi la punda. Na madirisha ya hoteli hayatundikwi kitu, hata leso. Ni sheria, eti yafanane na picha za matangazo.

Mama yake, Serafina, alipokuwa anakata roho alimshika mkono akamwambia, "Dirisha langu lisipitwe." Rachele akaahidi. Alitundika miaka mitatu. Mwaka wa nne mdogo wake Gaetano, ambaye nyumba iliandikwa kwa jina lake, akaiuza bila kumuuliza mtu. Tangu hapo miaka ishirini na miwili dirisha li tupu, na anayemwongoza mtakatifu kulipita ni huyohuyo Gaetano, kwa kuwa ndiye mkuu wa wabebaji. Ndugu hawa wawili huongea mazishini tu, na huko nako ni kupeana viti. Rachele aliwaandikia wenye hoteli barua tano kuomba ruhusa ya saa moja tu. Walimjibu zote, kwa adabu kubwa, hapana.

Kwa hiyo Jumamosi ile aliingia kwa mlango mkubwa, kwa mara ya kwanza maishani, na sanduku la marehemu mumewe mkononi. Nunzia, mtandika vyumba anayemwita shangazi kwa heshima tu, alimkimbilia.

"Shangazi, lete nikubebee."

"Kwani mikono yangu imekatika?"

Ndani ya sanduku mlikuwa na gauni la kulalia, mkasi wake wa kutarizi, na tandiko la Serafina: hariri ya rangi ya asali, yenye tausi wawili wanaotazamana. Jioni aliletewa kipande cha samaki kwenye sahani kubwa mithili ya sinia. Mhudumu alipomuuliza kama amependa, alisema samaki ni mzuri, ila walimleta peke yake. Chumbani hakuitambua nyumba. Jiko la mama yake limekuwa bafu. Kabla ya kulala aliona shuka limenyoshwa vibaya pembeni, akalitandua, akalinyosha kwa viganja, akalitandika upya. Mazoea ya kazi hayaishi kwa kustaafu.

Asubuhi kengele zikaanza kulia. Rachele akavaa nguo yake nyeusi ya kanisani, akachukua tandiko, akaenda kufungua dirisha. Halikuwa na mpini. Kwenye fremu palibaki tundu dogo la mraba na matundu mawili ya skrubu. Akampigia simu Nunzia aje.

"Waling'oa mipini ya madirisha yote, shangazi, ili baridi ya kiyoyozi isitoke nje. Anayo fundi Sabatino."

"Na Sabatino yuko wapi?"

Nunzia akatazama chini. "Amembeba mtakatifu."

Rachele akaketi kitandani. Nusura alie kama mtoto aliyenyang'anywa. Barua tano, ahadi mkononi mwa mtu anayekufa, miaka yote ile ya kumeza, halafu anashindwa na kipande cha chuma kisichofika urefu wa kijiko. Alikaa hivyo kwa muda wa kengele moja. Kisha akainuka, akaingia bafuni, akatazama juu ya beseni. Kuna kidirisha pale, cha kutolea mvuke, na kile mpini wake walikiachia.

Alichukua mkasi wa kutarizi, akaanza kufungua skrubu kwa ncha yake.

"Shangazi, watanifukuza kazi."

"Wewe hujaniona. Nenda ukatandike namba nne."

Skrubu ya pili ilimkata kidole. Akakifunga kwa leso, akaendelea. Mpini ukatoka, ukaingia kwenye tundu la dirisha kubwa kana kwamba ulitengenezewa hapo, na dirisha likafunguka. Harufu ya ubani na ya mikate ya anisi ikaingia kutoka kichochoroni. Alilitundika tandiko nje, tausi wakitazama chini, akabana ncha kwa miguu miwili ya kiti na makalio yake mwenyewe.

Meneja alifika kabla ya mtakatifu. Alibisha hodi, hata hivyo, kwa kuwa mgeni ni mgeni.

"Mama Rachele, sheria unaijua."

"Naijua. Mwezi wa nane yule bwana wa namba sita alianika kaptula yake ya kuogelea dirishani siku tatu. Ulimfanya nini?"

Bwana Dal Pozzo alisita. "Nilimpelekea henga ya kuitundikia."

"Mimi sijaomba hata henga. Leo ni mgeni wako, au siyo?"

Meneja akatazama hariri, akatazama leso yenye damu, akatazama saa. "Mpaka lini?"

"Mpaka apite. Na usisogee huku, meneja, dirisha ni la watu wa nyumba."

Akabaki palepale mlangoni, na kwa kweli hakuonekana kuchukia.

Mkuu wa wabebaji hutembea kinyumenyume, uso kwa mtakatifu na nyundo ya mbao mkononi. Akigonga mti wa machela mara mbili, wanasimama. Akigonga mara tatu, wanainamisha. Kwa hiyo wa mwisho kuliona tandiko alikuwa Gaetano. Wabebaji wa mbele waliinua macho, hatua zikawa nzito.

"Mmelala?" Gaetano akafoka. "Twendeni, hapa hakuna nyumba."

Hakuna aliyesogea. Sabatino, wa kwanza upande wa kulia, alimwonyesha kwa kidevu. Gaetano akageuka.

Kila mtu pale aliijua habari yao kuliko wenyewe. Rachele alimwona kutoka juu, kipara kikimeremeta kwa jasho, mtu mzima wa miaka sitini na mitatu amesimama chini ya dirisha alilouza. Aligonga mara mbili, polepole. Wakamgeuza mtakatifu kuitazama nyumba. Halafu nyundo ikabaki hewani.

Kwa miaka ishirini na miwili Rachele alikuwa ameandaa maneno ya kumwambia siku kama hii, na mengine hayasemeki mbele ya padri. Akayatafuta, hakuyaona.

"Gaetano," akasema tu. "Wenzio wana mzigo mabegani."

Gaetano akagonga mara tatu. Mtakatifu Veneranda akainamishwa mbele ya dirisha la Serafina, na Rachele akalia bila kujificha, amelikalia tandiko lisianguke.

Saa sita alikuwa kaunta, sanduku chini, anarudisha ufunguo. Mpini wa bafuni alikuwa ameurudisha mahali pake na skrubu zote mbili. Gaetano akaingia na kanzu yake nyeupe ya wabebaji, bega limelowa. Alisimama kando yake.

"Dada," akasema. "Na mwakani?"

"Mwakani mimi si mfanyakazi wala sina zawadi. Aliyeuza ni wewe."

Meneja akajifanya anapanga kalamu. Gaetano alivuta pumzi, akaegemea kaunta.

"Bwana meneja, kulala usiku mmoja. Wa kuamkia Jumapili ya pili ya Septemba."

"Mwakani?"

"Kila mwaka, mpaka nife. Jina andika Amatruda, wa Serafina. Atakayekaa dirishani ni huyu."

Bwana Dal Pozzo akafungua kitabu. "Mnapenda chumba cha upande wa bahari?"

"Hapana," wakasema wote wawili. "Cha kichochoroni."