Hariri Tuliyoifumua

Usiku ule nililala na hasira mpaka nikasahau kuvua kanga ya kutwa. Hasira yenyewe ilikuwa ya sari. Alasiri Bi Rukia, mama yake mchumba wa mdogo wangu Zuhura, alikuja nyumbani kwetu na sari ya hariri nyekundu kutoka Bara Hindi, pindo lake la dhahabu. Akaiweka mapajani mwa Zuhura, akasema, "Bibi harusi wetu atavaa hii." Zuhura akaishika tu, machozi yanamlengalenga.

Mimi nilikuwa nimemwahidi Bibi, yeye aliyetulea sote wawili, siku chache kabla hajafariki, kwamba Zuhura ataolewa kajitanda mtandio uliofumwa kwenye kitanda chake cha kufumia. Bibi alikuwa mfumaji wa mwisho hapa Pate, na kazi alinifundisha mimi. Nyuzi za pamba nilishazitanda tangu mwezi uliopita, zinangoja hariri ya kupita katikati, na hariri niliyoagiza haikuja. Zimebaki siku kumi harusi ifike. Tukikataa sari, tumemtukana Bi Rukia. Tukiikubali, nimemvunjia ahadi marehemu. Na mimi, jamani, nilichukia. Tuna ufumaji wetu wa asili, mji mzima ulisifika nao, leo tuletewe sari! Nikaitupa juu ya kabati, nikalala nimeipa mgongo.

Bibi hakuingia kwa mlango. Nilijikuta tu natembea naye, jua la saa sita limetuwakia, katika kichochoro ninachokijua na nisichokijua. Magofu yale tuliyochezea utotoni yamesimama kuta nzima, zimepakwa chokaa mpya mpaka zinaumiza macho. Nataka kumkumbatia nilie, lakini yeye ananivuta mkono.

"Bibi, wewe si umefariki?" namwambia.

"Najua, mke mwenzangu," ananitania kama zamani. "Kaza mwendo."

Kichochoro kimekwisha, tumo ndani ya ua wa nyumba ya mawe, na sioni tulipovukia kizingiti. Wapagazi wametoka bandarini sasa hivi. Wanatua marobota, kamba zinakatwa, na hariri inamwagika mkekani: ya kijani ya Uchina, ya zafarani ya Bara Hindi, nyingine rangi sijui hata niiteje. Wanawake wa ua ule wanasogea. Nikadhani watajitanda, watajitazama, watagombania nyekundu. Lo! Mmoja anakaa kitako, anauchokonoa ukingo wa kitambaa kwa sindano, anaushika uzi, anavuta. Wa pili naye anavuta. Mara ua mzima unafumua, uzi mmoja mmoja, wanaunga kwa fundo dogo na kuzungushia vijiti, huku wanasengenyana na kucheka.

Nilipiga kelele. "Mnaharibu! Hariri nzima hiyo!"

Mwenye mali naye, mgeni aliyesafiri nayo miezi, yuko mlangoni na mikono kichwani. Anasema kwa lugha yake, na nilimwelewa vizuri kabisa kwamba anasema yaleyale niliyosema mimi. Wanawake hawakuhangaika naye hata kidogo. Mmoja wao ana kidole gumba kilichopinda kama changu, na ananitazama kama mtu anayenidai jibu. Nikaona haya.

Ua uleule, lakini sasa umejaa vitanda vya kufumia. Pamba yetu inasimama kwa urefu, hariri ya watu inapita katikati, na kinachotoka si cha Uchina wala cha Bara Hindi. Kina michirizi ambayo nilifundishwa na Bibi kwa kupigwa vikofi vya mkono. Yule mgeni anakishika, anakigeuza nyuma na mbele, anajitanda, na akiambiwa avue hataki! Sisi tunamcheka. Halafu siwa inalia, ile pembe kubwa inayopigwa harusini, na kitambaa kinatoka mlangoni juu ya vichwa vya watu, kinaenda zake Sofala, kusini mbali ya pwani, na wafalme wa huko wanasukuma pembeni vingine vyote wanauliza, cha Pate kiko wapi? Fahari iliyonipanda kifuani sijapata kuisikia tangu kuzaliwa kwangu.

Bibi ananishika mashavu kwa mikono miwili. Viganja vyake vina joto.

"Hakuna kilichotufikia hapa tukakiacha kama kilivyokuja," anasema. "Fumua."

Nikapiga vigelegele. Nilivipiga kweli, kwa sauti, kitandani, na ndivyo vilivyoniamsha mimi na vikamwamsha Zuhura. Alikuja mbio akidhani nimeingiwa na jini. Kulikuwa kumepambazuka. Nikamsimulia yote huku naishusha sari kabatini. Zuhura akaketi, akanipa sindano.

Bi Rukia alipobisha hodi, kuja kuona sari inavyomkaa mkwewe, nusu yake ilishakuwa nyuzi mkekani.

"Yarabi! Sari yangu!"

"Mama, keti," nilimwambia, na nikamsimulia ndoto tangu mwanzo. Wanawake, mgeni, siwa, wafalme, yote. Nikampeleka akaione pamba iliyotandwa. Nikapitisha uzi mmoja mwekundu mbele ya macho yake, na wa pili, na wa tatu, mpaka mchirizi ukaonekana.

Bi Rukia aliugusa kwa kidole kimoja, kisha kwa kiganja kizima. Akamtazama Zuhura, na Zuhura safari hii alikuwa anatabasamu waziwazi. Bi Rukia akavua buibui, akalikunja, akaketi mkekani katikati yetu.

"Pindo la dhahabu asiliguse mtu," alisema. "Hilo nalifumua mwenyewe."