Nilivyokwama Tanuuni Siku ya Posa

Naona haya kuusimulia mkasa huu, lakini kwa kuwa Mambrui nzima washausimulia na kila mmoja ameutia chumvi yake, heri muusikie kwangu mimi niliyekuwa na chokaa masikioni. Mwanijua: mimi ni mtu wa nyumbani, safari yangu ndefu ni ya kutoka kitandani hadi barazani, na hata hiyo mke wangu huniuliza kama nimebeba maji ya kunywa.

Siku hiyo tulikuwa twaenda kumposea mpwa wangu Salim. Msichana ni wa Mambrui, na msemaji wa posa ni mimi, mjomba mtu (walinichagua kwa sababu nasema sana, si kwa sababu nasema vizuri). Posa ilikuwa baada ya alasiri, lakini mimi kwa hofu ya kuchelewa nikatangulia tangu asubuhi na Zuhura, dada yake Salim, tukafikia kwa shangazi yake palepale Mambrui.

Sasa huyu Zuhura anafanya kazi kwenye nyumba ya wageni Watamu, na wageni wamemwambukiza mchezo wao: mtu huficha kopo mahali, huweka alama kwenye simu, na wengine wasiomjua hulitafuta, wakilipata huandika majina yao kwenye karatasi iliyomo, hulirudisha, wakaenda zao. (Nilimwuliza zawadi ni nini. Akasema zawadi ni kulipata.) Akaniambia kuna kopo moja nje ya mji, kwenye gofu la tanuu ambamo watu wa kale walichoma mawe ya bahari kupata chokaa ya kujengea, tena si mbali. Nikakataa.

"Basi kaa, mjomba," akasema. "Kukaa wakuweza."

Nikainuka, na kanzu yangu ya posa mwilini.

"Si mbali" ya Zuhura ilipita michongoma, ikapita mashamba mawili, hadi tukafika kwenye ua wa vijiti, na nyuma yake mihogo, na nyuma ya mihogo gofu lenyewe. Hapo ndipo nilipokosea. Ua ule ulikuwa na mwenyewe, na mtu aliyelelewa hupaza sauti akabisha, lakini nikajiambia hodi nitampigia nani, mihogo? Nikauruka.

Tanuu lilikuwa ukuta wa mviringo uliomezwa na mizizi, na chini kabisa tundu la kutilia kuni. Zuhura akazunguka upande wa pili na simu yake. Mimi, kwa tamaa ya kumshinda, nikaamua kopo haliwezi kuwa popote ila ndani ya tundu. Nikaingiza kichwa, kikaingia. Nikaingiza mabega, yakaingia kwa kunung'unika. Tumbo likakataa. Kusonga mbele siwezi, kurudi nyuma siwezi, na kila nikihema vumbi jeupe laniangukia usoni.

Mara nikasikia nyuma yangu sauti nzito ya mtu mzima, "Nani huyo?"

Nikasema shikamoo. (Chekeni tu. Nilimwamkia mzee wa watu kwa makalio.) Hakuitikia. Akauliza natafuta nini shambani mwake. Ukweli ulinifika mdomoni, lakini nikausikia utakavyosikika, mtu mwenye mvi anatafuta kopo, nikaona haya, nikatoa sauti ya kiofisi:

"Natoka ardhi. Napima."

Nanyi mwajua huku kwetu. Heri umwambie mtu kuna nyoka kitandani mwake kuliko kumwambia umekuja kupima shamba lake. Nikasikia jembe limeanguka, nikasikia miguu yakimbia na ile sauti yaita majirani kuwa wamekuja, wamekuja. Zuhura akatokea, akanishika miguu akavuta, mimi nikatoka na nyuma ya kanzu ikabaki tanuuni. Tukakata mihogo mbio, mimi mweupe kama jini aliyefukuzwa kwao.

Shangazi akanimwagia maji, akanipa kanzu ya mumewe (iliishia magotini), na baada ya alasiri, wazee wetu walipofika, nikasimama mbele yao kwenye mlango wa kina msichana.

"Hodi."

"Karibuni."

Sauti ile nilikuwa nimeisikia asubuhi, ikiniuliza kwa nyuma. Tukaketi. Kaka yangu akanigusa nianze, nikakohoa nikaonyesha koo. Akanigusa tena, nikakohoa zaidi. Mzee Athumani, babake msichana, akasubiri msemaji bubu mpaka akachoka, akasema mwenyewe.

"Mnisamehe. Asubuhi wa ardhi wameingia shambani mwangu. Mtu asiyejua atalala wapi hawezi kuozesha. Posa na ingoje."

Kikombe cha kahawa alikishika tu, hakukinywa. Nyuma ya pazia nikasikia mtu avuta kamasi, na simwoni ila najua ni msichana mwenyewe. Ningenyamaza, uso wangu ungesalimika, na Salim angeoa mwaka wa shetani.

"Mzee," nikasema, kwa sauti yangu ileile. "Hakuna wa ardhi. Ni mimi."

Akakiweka kikombe chini. "Wewe ndiye uliyekuwa..." Akachora duara hewani kwa mikono miwili, duara kubwa.

"Ndimi."

"Ukipima?"

"Nikitafuta kopo."

"Lina nini?"

"Karatasi. Mtu huandika jina lake, akalirudisha palepale."

"Halafu?"

"Halafu huenda kwao."

Mzee akamgeukia kaka yangu, akamwuliza kwa upole kama ugonjwa huu Salim naye anao. Kaka akaapa kuwa hana. Ndipo Zuhura, huko nyuma ya pazia, akaona ni wakati mzuri wa kutueleza kuwa kopo lilikuwa juu ya ukuta, chini ya jiwe, hata kuinama hakuhitajiki. Wanawake wakaanza kucheka, kisha wazee wetu (wasaliti), na mwisho Mzee Athumani mwenyewe, mpaka akajifuta macho kwa pindo la kanzu.

"Marahaba," akaniambia. "Ile shikamoo yako ya asubuhi."

Posa akaipokea. Ila kwa kuwa alikuwa ameshawatia majirani hofu, siku ya pili akanipitisha mlango kwa mlango, nabisha, nangoja niitikiwe, naeleza kisa chote tangu kopo hadi makalio, wasije wakakosa usingizi bure. Ndivyo Mambrui ilivyojua.

Sasa mimi hubisha hodi hata jikoni kwangu. Salim ameoa, mke ametulia, na mimi sitafuti tena chochote ambacho sikukipoteza mwenyewe. Lakini kila niendapo kwa wakwe zake na kubisha, Mzee Athumani hanikaribishi mara moja. Huuliza kwanza kutoka ndani, majirani wakisikia:

"Wa ardhi, au wa posa?"

"Wa posa, mzee."