Kabari ya Mninga

Mimi ni mwoga, na sijawahi kulionea haya. Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio.

Miaka ya tisini nilisoma useremala katika shule moja ya ufundi pale Mpanda. Karakana yetu ilikuwa na mashine moja ya kuranda mbao, yenye kitufe cha kijani cha kuwashia na chekundu cha kuzimia. Umeme ukikatika, cha kijani kilijiachia chenyewe, ili ukirudi mashine isiwake mpaka mtu aiwashe. Lakini umeme wetu ulikuwa hafifu, mashine ikawa inazimika hata ubao haujaisha. Mwalimu akachoka. Akachonga kabari ya mninga, akakikandamiza nayo kitufe cha kijani kisitoke. Tangu hapo ukibonyeza chekundu mashine inanyamaza. Ukiinua kidole, inanguruma upya. Siku nilipoliona hilo niliogopa, nikamwambia Mwalimu.

"Nyie kazi yenu kuogopa tu," akanijibu. "Mbao zitajiranda zenyewe?"

Mchana mmoja umeme ukakatika tukiwa kazini, Mwalimu akatoka kwenda kunywa chai. Mwenzangu wa benchi, binti wa wafugaji aliyezoea kusukumana na madume ya ng'ombe, akaona ndiyo nafasi ya kusafisha. Akafungua kifuniko, akaingiza mkono mpaka kwenye visu, akaanza kuchokoa maranda kwa kijiti.

"Toa mkono," nikamwambia. "Kabari bado ipo."

"Umeme wenyewe uko wapi? Ukikatika mchana si mpaka jioni?"

Swichi kubwa ilikuwa ukuta wa mbali, nikaishika kabari niing'oe. Ilikuwa imekaza, na vidole vyangu vilikuwa na jasho. Ndipo nikasikia watoto wakishangilia upande wa Kashaulili: "Umerudi! Umerudi!" Siku hizo ulirudishwa mtaa kwa mtaa, na baada ya Kashaulili ilikuwa zamu yetu. Nusura nijikojolee. Nilimkamata shati mgongoni kwa mikono miwili, nikamvuta, tukaanguka wote sakafuni.

"Umenichania shati!" akafoka, akiinuka anipige.

Mashine ikawaka. Vipande vya kile kijiti vikaturukia usoni. Alivitazama, akakaa tena chini taratibu, akauficha mkono kwapani na kuanza kulia. Nami nikalia.

Mwalimu alitukuta hivyo. Alizima swichi kubwa ya ukutani, akaigonga kabari kwa nyundo mpaka ikatoka, akaitia mfukoni. Kesho yake mashine ikarudia tabia yake ya kuzimika katikati ya ubao, na hakuna aliyelalamika.

Sasa nina watoto wangu, nao hushangilia umeme ukirudi. Mimi hutazama kwanza mikono yao iko wapi.