Ripoti ya Kitanda Namba Sita

Kule kwenye kiwanda cha mikate walimwita Askofu, na kama jina hilo lilimuudhi hakuna aliyejua, maana yeye mwenyewe ndiye aliyelicheka kuliko wote. Umri miaka hamsini na miwili, mvi zimeshaingia kidevuni, na bado anabeba mkoba wa madaftari kama mtoto wa shule. Saa kumi alfajiri yuko mbele ya tanuri. Saa tatu asubuhi yuko chuo kikuu, akisomea uchungaji na ushauri nasaha, unga ungali masikioni. Mchana yuko hospitali kwa mafunzo ya vitendo. Mtu wa namna hiyo usimuulize kama amechoka. Alishachoka zamani, sasa anaendelea tu.

Mafunzo yale yalikuwa na sharti moja lililomtoa jasho. Mwanafunzi anamtembelea mgonjwa, kisha anakwenda kuyaandika mazungumzo yao neno kwa neno, kadiri anavyokumbuka: mimi nikasema, mgonjwa akasema. Ripoti kumi kwa mwaka. Mhadhiri wao, mama mmoja mfupi asiye na haraka, alizipitia akihesabu mistari kwa kalamu nyekundu.

"Hapa wewe umesema mistari arobaini," alimwambia Askofu kwenye ripoti ya tano. "Mgonjwa amesema mitatu, na mmojawapo ni 'amina'. Sasa hapa mgonjwa ni nani?"

Darasa zima likaangua kicheko. Askofu naye akacheka, lakini neno lile lilimchoma. Tangu ujana kanisani alisifiwa kwa ulimi wake. Hakuna msiba uliokwisha kabla hajasema neno. Kumbe huku chuoni ulimi ule ule ndio ugonjwa. Ripoti ya sita ikarudi nyekundu, na ya saba, mpaka ya tisa. Ikabaki ya kumi. Akifeli hiyo anarudia mwaka mzima, na mkewe, mshonaji wa sare za shule, alishamwambia: "Baba watoto, miaka mitatu nimekubeba. Wa nne siuwezi." Alisema hivyo bila kusimamisha cherehani, ndipo Askofu akajua hatanii.

Ripoti ya kumi ikaangukia kitanda namba sita. Hapo alilazwa fundi mwashi mzee, kifua kimemharibikia, ambaye wanafunzi wote walikuwa wakimkwepa. Mmoja aligeuziwa mgongo. Mwingine aliambiwa akamwombee daktari kwanza.

"Shikamoo, mzee," Askofu akasema.

"Marahaba. Kama umekuja kuhubiri, mlango ni ule. Kama umekuja kukaa, kaa."

Akakaa. Ilikuwa saa nane mchana, joto limejaa wodini, feni inazunguka kwa kusuasua, na yeye yuko macho tangu saa tisa usiku. Akafumba macho kidogo tu, apange neno la kuanzia.

Alipozinduka, jua lilikuwa limehamia ukuta wa pili. Kichwa chake kilikuwa kimeegemea chuma cha kitanda, na katikati umewekwa mto wa mgonjwa ili kisiumie. Mzee alikuwa ameketi wima, anamtazama.

"Unakoroma wewe."

"Nisamehe, mzee wangu, mimi kwa kweli..."

"Muuguzi alitaka kukuamsha, nikamkatalia." Mzee akakohoa, akapumzika. "Mimi usiku silali. Naogopa nikilala sitaamka. Basi nakodolea dari mpaka kunakucha. Leo nimepata mtu wa kumlinda. Nimeshinda vizuri."

Askofu akauchukua mto, akamrudishia. 

Jioni ile aliketi mezani kwake akaandika ripoti safi kabisa. Humo mwashi alilia, akashukuru, akaeleza habari za neema kwa mistari ishirini. Akamsomea mkewe, kama alivyomsomea zote.

"Huyu mgonjwa anaongea kama wewe," mkewe akasema. "Haya, ilikuwaje hasa?"

Akamwambia. Mkewe alicheka mpaka mshono ukaenda kombo, kisha akajifuta macho. "Andika hiyo."

"Watanifelisha."

"Sikukubeba miaka mitatu ili uwe mwongo. Andika."

Ijumaa akaisoma darasani, mistari tisa. Wenzake walicheka penye kukoroma, wakanyamaza penye mto. Mhadhiri akavua miwani.

"Hii ndiyo ripoti ya kweli kuliko zote mlizonisomea," akasema. "Lakini umelala mbele ya mgonjwa, na kanuni sikuitunga mimi. Utarudia." Akamrudishia karatasi, bila wino mwekundu hata tone. "Mwakani uje umelala kwanza."

Ng'ombe akivunjika guu hurudi zizini. Njia nzima Askofu alipanga hotuba ya hoja tatu, na ya tatu ilikuwa tamu kweli. Alipofika, alimkuta mkewe anapinda sketi ya mtoto wa watu, na hoja zote zikamkimbia.

"Nimefeli."

Mkewe akaiweka sketi chini. "Nimechoka," akasema.

Askofu alikuwa na jibu. Alikuwa na majibu manne. Akayameza yote. Mkewe akaendelea: vidole vinavyomuuma asubuhi, macho yanayofifia, chakula anachokula peke yake huku sahani ya mwenzake imefunikwa. Na wale wanaomshukuru kila Jumapili kwa kumtoa mume wake kwa Mungu, ni nani aliyewahi kumuuliza yeye kama amemtoa? Ndiyo, yeye ndiye aliyesema iandikwe kweli, na hata leo angesema vile vile, lakini inauma, tena inauma sana. Alisema mpaka chai ikapoa mbele yao wote wawili, na mumewe hakutia hata mstari mmoja.

Kisha mkewe akaegemeza kichwa kwenye cherehani, na usingizi ukamchukua na kastabini yake kidoleni. Nje kulikuwa bado kweupe. Askofu naye alipaswa kulala, maana tanuri halina huruma. Lakini alikwenda chumbani akaleta mto, akauingiza taratibu kati ya kichwa cha mkewe na chuma cha cherehani, akavuta kiti.

Jirani akapiga hodi, amefuata sare ya mwanawe. Askofu akanyata mpaka mlangoni.

"Amelala," akanong'ona. "Njoo kesho."

Akarudi kitini, akaketi wima, akamtazama.