Niliezua Nyumba ya Mama Mdogo kwa Kiingereza Changu

Nimekosa, ndugu zangu. Nisiposema leo nitapasuka.

Nilisoma Kiingereza miezi sita kwenye kituo kimoja hapa Kolwezi, nikapata cheti. Mwalimu wetu alipenda misemo, nami nikakariri arobaini. Niliweza kusema mvua inanyesha paka na mbwa, lakini kuuliza choo kiko wapi kulinishinda. Mtaani kwetu Kasulo wakaanza kuniita Prof. Loo, jina lile lilinilevya!

Kampuni ya madini ilipotaka kutuhamisha na kutupa viwanja vipya, mhandisi wao mgeni alikuja kuzungumza na wenyeji. Nikawekwa mbele, kwenye kiti cha plastiki, nitafsiri. Mama mdogo, aliyenilea, akakaa karibu nami, amevaa kitenge chake cha kanisani.

Mhandisi aliongea, kisha akamaliza kwa kusema bado hatujatoka msituni. Msitu gani, hapa penye mashimo matupu? Msemo huo haukuwamo katika arobaini yangu. Ningeuliza tu! Lakini Prof mzima aulize, watu wote wakimtazama?

"Anasema bintu yote iko sawa," nikatangaza. "Munaweza kufungasha."

Watu wakapiga makofi. Kesho yake mama mdogo akaita mafundi, wakaezua mabati yake ayapeleke kwenye kiwanja kipya, maana kwetu mtu hahami akaacha bati. Wiki ile ile mvua ikanyesha, ile niliyojua kuisema kwa Kiingereza. Kuta zilikuwa za matofali mabichi. Zilianguka mbili, na kiwanja kipya hakikuwapo.

Mhandisi aliporudi, mama mdogo alinigeukia mbele ya mkutano.

"Umuulize siku ile alisema nini," akaniambia. "Na kama haujue, useme haujue."

Nikauliza. Mhandisi akaeleza kwa maneno mepesi kabisa: mazungumzo hayajaisha, mambo yanaweza kuharibika, msiguse kitu. Hata dakika moja haikupita. Hakuna aliyecheka. Afadhali wangecheka!

Sasa mama mdogo analala kitandani kwangu, mimi sakafuni. Cheti nimekibandika dirishani, palipovunjika kioo, na hapo angalau kinazuia upepo.

Nawaonya, hasa ninyi mnaoitwa Prof: kuuliza si ujinga. Mimi niliikimbia aibu ya dakika moja, na mama aliyenilea hana nyumba.